Kabla ya Basi la Desemba: Namna ya Kuiandaa Amani ya Krismasi

Ikifika wiki ya tatu ya Desemba, tiketi ya basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi au Arusha haipatikani kirahisi. Wachaga wanarudi nyumbani. Watani wao husema wanakwenda kuhesabiwa, na wenyewe wameupokea utani huo mpaka ukimuuliza mtu likizo ataila wapi, anakujibu, "Naenda kuhesabiwa." Utani huu uko karibu na Injili kuliko wengi wanavyodhani. Sura ya pili ya Luka inaanza na amri ya Kaisari Augusto kwamba watu waandikwe, kila mmoja mjini kwao, na ndiyo maana Yusufu na Mariamu, mimba ikiwa imekomaa, walisafiri zaidi ya kilomita 100 kutoka Nazareti hadi Bethlehemu. Krismasi ya kwanza ilikuwa safari ya kwenda kuhesabiwa.

Anayepanda basi hilo la Kilimanjaro, au la Bukoba, au la Mbeya, hubeba mengi kuliko mizigo iliyo kwenye buti. Yupo aliyekopa ili asiaibike. Wapo ndugu wawili ambao hawajasalimiana tangu baba yao azikwe, na watakutana uani kwa mama. Yupo binti anayejua kwamba shangazi zake watamuuliza tena ataolewa lini. Yupo mjane anayekwenda kwa mara ya kwanza bila mume. Wote hao wataingia kanisani asubuhi ya tarehe 25, watasikia habari ya malaika waliotangaza amani duniani, na baadhi yao watatoka na uzito uleule walioingia nao. Kisha watajilaumu, wakidhani imani yao ni haba.

Siamini kwamba kasoro iko kwenye imani yao. Amani ya Krismasi huandaliwa, na sehemu kubwa ya maandalizi hayo hufanyika kabla ya siku yenyewe: kwenye daftari la matumizi, kwenye simu ambayo mtu anaogopa kuipiga, na kwenye robo saa ya sala ambayo hakuna anayeiona. Tukiyaacha hayo mpaka mkesha, tunaiomba ibada moja itufanyie kazi ya mwezi mzima.

Tena tusidanganywe na picha za kadi. Ukiisoma habari yenyewe katika Luka na Mathayo, unakuta watu walioshikwa na hofu. Zakaria anapoteza sauti hekaluni. Mariamu anafadhaika kwa salamu ya malaika. Yusufu anapanga kumwacha mchumba wake kimyakimya. Mahali pa kulala hapapatikani, mtoto analazwa horini, na muda si mrefu familia inakimbilia Misri usiku kwa sababu Herode anataka kumuua. Malaika wanapotokea, mara nyingi huwaambia watu wasiogope. Yesu naye alipowaahidi wanafunzi wake amani, kama ilivyo katika Yohana 14:27, alisema hayo usiku uleule aliokamatwa. Paulo aliyewafundisha Wafilipi habari ya amani ya Mungu aliandika akiwa kifungoni.

Kwa hiyo usingoje deni liishe, mgonjwa apone na ndugu wabadilike ndipo uanze kuitafuta. Inatafutwa hivyo hivyo, mambo yakiwa bado yamevurugika.

Anza na Majilio

Majilio huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, ambayo huangukia kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Katika makanisa ya Kikatoliki, Kilutheri na Kianglikana madhabahu huvikwa zambarau, rangi ileile ya Kwaresima, kwa sababu haya ni majira ya kungoja na kutubu. Ni majira yaliyowekwa makusudi ili mtu asiangukie kwenye sikukuu ghafla. Bahati mbaya wengi wetu tunayapita haraka, maana madukani Krismasi huwa imeshaanza na mashine za muziki zinapiga nyimbo zake tangu Novemba. Kama kanisa lako halifuati kalenda hii, hakuna kinachokuzuia kuanza tarehe 1 Desemba.

Utaratibu ninaoupendekeza kwa mtu mwenye shughuli nyingi ni kusoma Injili ya Luka. Ina sura 24. Ukisoma moja kila siku kuanzia tarehe 1, utamaliza siku ya mkesha. Sura ya kwanza ina mistari 80, kwa hiyo igawe, nusu asubuhi na nusu usiku. Faida ya kusoma hivi ni kwamba ukifika Krismasi humtazami mtoto mchanga usiyemjua. Utakuwa umeshamsikia akifundisha, umemwona akila na watoza ushuru, umemfuata mpaka msalabani na kwenye kaburi lililo wazi. Furaha ya kuzaliwa kwake hupata uzito mwingine kabisa.

Ukishasoma, sali robo saa. Simu iweke chumba kingine, na kama unaishi chumba kimoja, zima data. Mwenye watoto wadogo asihangaike kutafuta ukimya ambao nyumba yake haina. Asali kwenye daladala akielekea kazini, au nje uani kabla watu hawajaamka.

Namna ya kusali ina uzito wake. Mtu anayesema tu, "Bwana, nipe amani," mara nyingi huinuka na mahangaiko yake yote, kwa sababu hakuyatoa. Wafilipi 4:6 inafundisha kumjulisha Mungu haja zetu, na kufanya hivyo pamoja na kushukuru. Haja zina majina na viwango. Sema, kwa mfano: "Bwana, ada ya Neema ni laki nne, mimi nina laki moja na nusu. Asante kwa hiyo niliyonayo. Nionyeshe nani wa kuzungumza naye shuleni." Au: "Bwana, namwogopa kaka yangu. Sijui nitamtazamaje usoni." Ukimaliza, andika kwenye daftari hatua moja tu utakayoichukua kesho kuhusu jambo hilo. Kama hakuna hatua iliyo mikononi mwako, andika hivyo hivyo: hili si langu. Ukilikuta tena kichwani kesho yake, rudi kwenye ukurasa ule usome ulichoandika.

Usingizi nao hukatika sana mwezi huu. Ukiamka saa tisa usiku na mawazo yanakimbia, usianze kupiga hesabu kitandani. Wakristo wa Orthodoksi wana desturi ya karne nyingi ya kurudia sala fupi yenye jina la Yesu, polepole, wakiifuatanisha na pumzi. Mkristo yeyote anaweza kufanya hivyo. Au kariri Zaburi ya 131. Ina mistari mitatu tu, na inazungumzia nafsi iliyotulia mithili ya mtoto aliye kifuani kwa mama yake.

Nyumbani kwenye watoto, tengenezeni pango la Noeli pamoja. Inasimuliwa kwamba mwaka 1223, huko Greccio nchini Italia, Fransisko wa Asizi aliandaa hori lenye nyasi pamoja na ng'ombe na punda walio hai ili watu wa kawaida waione hali aliyozaliwa nayo Mwana wa Mungu. Pango la boksi, nyasi na wanyama wa udongo linatosha kabisa. Hori mliache tupu mpaka usiku wa tarehe 24. Watoto hujifunza kungoja kwa njia hiyo kuliko kwa maelezo.

Daftari la matumizi ni sehemu ya sala

Hapa nitasema wazi: watu wengi hukosa amani Desemba kwa sababu ya fedha, na mahubiri mengi hayagusi jambo hilo. Shule hufunguliwa Januari. Kodi ya nyumba, ambayo wenye nyumba wengi mijini huitaka ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, nayo haijui sikukuu. Kwa hiyo unapopanga Krismasi, anza na Januari. Andika ada, sare, madaftari, kodi na chakula cha mwezi ule. Kisha andika nauli ya kwenda na kurudi. Kinachobaki ndicho cha sikukuu, na sadaka yako iandike humo mapema ili usije ukampa Mungu chenji.

Vikoba vingi, vile vikundi vya kuweka akiba, huvunjwa Desemba na wanachama hugawana fedha. Fedha ile ikiingia mkononi ikiwa haina kazi, haifiki mwaka mpya. Igawe kwenye karatasi kabla hujaipokea, na fungu la Januari lipeleke benki au mahali ambapo huwezi kulichukua kwa kubonyeza simu. Na mikopo ile ambayo watu wenyewe wameibatiza jina la kausha damu, usiiguse kwa ajili ya sikukuu. Jina hilo walilitoa waliokwisha kuumia.

Ninajua kinachowasukuma watu kukopa. Wanaogopa aibu ya kufika nyumbani mikono mitupu. Mtu aliye mjini anatarajiwa kuja na mbuzi wa ndafu, vitenge vya mama, viatu vya watoto wa kaka, na mchango wa harambee ya kanisa la kijijini, ambao hutangazwa mbele ya watu. Kwa mtu wa namna hiyo naomba asome Luka 2:24. Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni, walitoa sadaka ya ndege wawili. Sheria ya Musa, katika Walawi 12:8, iliruhusu ndege kwa mama ambaye hana uwezo wa kununua mwanakondoo. Mama wa Bwana alikwenda hekaluni na sadaka ya watu maskini. Na ni mtoto yuleyule ambaye mzee Simeoni alimpokea mikononi akamshukuru Mungu.

Basi toa ndege wako wawili bila kuinamisha kichwa. Ila usiwashtukize watu siku yenyewe. Piga simu wiki mbili kabla na useme ukweli kwa heshima: "Shikamoo mama. Mwaka huu nakuja, lakini mbuzi sitaweza. Nitaleta kilo tatu za nyama na mchele, na nitakaa siku tatu." Mzazi akishajua, hupanga kwa kile kilichopo. Anayekasirishwa na ukweli uliosemwa mapema ni nadra sana kuliko tunavyojitisha.

Na wewe mwenye uwezo, usiwe chanzo cha mwenzako kupoteza amani. Yohana Mbatizaji alipoulizwa na makutano wafanye nini, jibu lake, katika sura ya tatu ya Luka, lilikuwa la kawaida mno: mwenye nguo mbili ampe asiye nayo, mtoza ushuru asizidishe, askari asinyang'anye, aridhike na mshahara wake. Hayo ndiyo maandalizi ya kumpokea Masihi. Kama unadaiwa mshahara wa dada wa kazi au fundi, mlipe kabla hajasafiri kwenda kwao.

Simu unayoiogopa

Nimefika kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko mengine yote.

Ukoo unapokutana Desemba, ugomvi nao hukutana. Uchagani mara nyingi ni kihamba, yaani shamba la ukoo: nani alipewa upande gani, nani alisogeza mpaka, kwa nini dada hakupewa kitu. Kwingine ni mahari ambayo haikumalizwa, fedha za matibabu ya mama ambazo wengine walichanga na wengine wakaahidi tu, au neno lililotamkwa msibani. Katika Mathayo 5:23 na 24 Yesu anatoa agizo ambalo halina njia ya kulikwepa: ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka pale pale, nenda kwanza mkapatane. Angalia kwamba hasemi kama wewe una neno juu yake. Anasema kama yeye ana neno juu yako. Mzigo wa kuanza ameuweka kwa yule anayekumbuka.

Kosa linalofanyika mara kwa mara ni kungoja mpaka siku ya Krismasi, watu wote wamekaa, wengine wameshakunywa mbege, kisha mtu anasimama kutoa la moyoni. Siku hiyo mama analia, watoto wanasikiliza, wakwe wanashuhudia, na kila mmoja anatetea heshima yake mbele ya umati. Upatanisho wa namna hiyo hufanikiwa mara chache. Fanya kabla, wakati wa Majilio, na ufanye mkiwa wawili.

Usilipeleke jambo kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Maandishi hayana sauti, na mtu akisoma akiwa na hasira huyasoma kwa hasira. Piga simu, au mfuate mahali alipo. Simu ya kwanza isizungumzie kiini cha ugomvi kabisa. Msalimie inavyostahili, muulize hali ya watoto, kisha sema kitu kama hiki: "Kaka, shikamoo. Sikukupigia kuhusu kihamba. Nimekupigia kwa sababu tangu baba afariki hatujazungumza, na mimi nina sehemu yangu. Siku ile nilikujibu vibaya mbele ya watu. Naomba unisamehe kwa hilo." Taja kosa lako peke yake, lile unalolijua kwa uhakika. Usiongeze "lakini na wewe." Neno hilo moja hufuta yote yaliyotangulia. Akinyamaza, vumilia ukimya. Akikukaripia, mwambie utampigia tena wiki ijayo, na wiki ijayo ikifika umpigie kweli.

Kihamba chenyewe kitajadiliwa baadaye, pengine Januari, mbele ya wazee na karatasi, na pengine mtashindana hoja kwa haki. Watu wawili wanaweza kutokubaliana juu ya mpaka na bado wakala sahani moja. Wasichoweza ni kula pamoja wakiwa wanachukiana.

Kama huwezi kumfikia peke yako, tafuta mshenga wa amani. Shangazi anayeheshimiwa na pande zote hufaa kuliko mtu mwenye cheo. Wengine humtumia mzee wa kanisa, katekista au kiongozi wa jumuiya. Wachaga wana hazina ya pekee hapa: jani la isale. Mtu aliyekosa akija nalo, au akilituma, anakuwa ameomba msamaha kwa namna ambayo kwa mila ni vigumu sana kuikataa. Isale ndiyo hiyohiyo inayopandwa kuzunguka vihamba kuonyesha mipaka. Mmea mmoja unawatenganisha majirani kwa haki na unawarudisha pamoja kwa msamaha, na sioni kwa nini Mkristo auonee haya. Kwenda kwa ndugu yako na jani hilo mkononi, ukiwa umesali, ni kulitii agizo la Mathayo 5 kwa lugha ambayo babu zako wote wawili wangeielewa.

Sasa tahadhari, na naomba isomwe kwa makini. Kusamehe si kurudi kwenye madhara. Warumi 12:18 inataka tukae kwa amani na watu wote kwa kadiri inavyowezekana kwa upande wetu, na maneno hayo yanakiri kwamba upande wa pili wakati mwingine haukubali. Mume anayekupiga, mjomba aliyemgusa mtoto vibaya, ndugu anayekutishia maisha: hao unaweza kuwakabidhi kwa Mungu ukiwa mbali nao. Huna wajibu wa kulala nyumba moja nao kwa sababu ni Krismasi, na mtoto asilazimishwe kumsalimia mtu anayemwogopa ili wageni wafurahi. Vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Kwenda huko hakuvunji amri yoyote ya Mungu.

Baada ya binadamu, mfuate Mungu mwenyewe. Parokia nyingi za Kikatoliki hutenga siku za kitubio wakati wa Majilio. Usingoje foleni ya tarehe 24 ambapo padri mmoja anasikiliza mamia ya watu. Katika makanisa ya Kiprotestanti toba hufanyika na wote ndani ya ibada, lakini mchungaji hupokea pia mtu anayetaka kuungama faraghani, na wengi wangeshangaa jinsi mzigo unavyopungua ukishasemwa kwa sauti mbele ya mtu mmoja anayetunza siri.

Kwa aliyefiwa

Kama mwaka huu umezika mtu, usijilazimishe furaha. Mathayo, katika habari yake ya kuzaliwa kwa Yesu, ameweka kilio cha Raheli anayewalilia watoto wake na kukataa kufarijiwa, na Kanisa limeitenga Desemba 28, siku tatu tu baada ya Krismasi, kuwakumbuka watoto waliouawa na Herode. Msiba umo ndani ya sikukuu hii tangu mwanzo. Hukuuleta wewe.

Yafanye machache. Nenda kaburini, ambalo katika vijiji vyetu vingi liko palepale nyumbani, palilia, weka maua, sali. Wakati wa sala ya chakula mtu alitaje jina la marehemu. Familia nyingi hulikwepa wakidhani wanamlinda mjane, kumbe yeye alikuwa akingoja kulisikia. Ukishindwa kuimba kanisani, waache wengine waimbe kwa niaba yako. Ukihitaji kutoka nje katikati ya ibada, toka. Na wewe uliye karibu na mfiwa, acha kumwambia ni mapenzi ya Mungu. Mwoshee vyombo.

Kuna huzuni nyingine ambayo inapita hapo. Mtu asiyelala wala kula kwa wiki mbili au zaidi, asiyeona thamani ya kitu chochote, au anayewaza kufa, anahitaji hospitali pamoja na sala. Mpeleke. Luka mwenyewe, ambaye Injili yake tunaisoma mwezi huu, mapokeo yanamwita tabibu.

Siku yenyewe na zinazofuata

Tarehe 25, ibada itangulie kila kitu. Hilo linawezekana tu kama kazi za jikoni zimegawanywa, maana katika nyumba nyingi wanawake ndio wanaobeba sikukuu nzima mgongoni na kuimaliza wakiwa wamechoka hata kusali. Wanaume wamenye ndizi na viazi usiku wa mkesha, vijana wachote maji, chakula kipungue aina mbili. Nyumba ambayo mama amekaa chini akala pamoja na wengine imesherehekea vizuri.

Uliye kwenye zamu siku hiyo, muuguzi wodini, mlinzi getini, dereva barabarani, usijione umekosa Krismasi. Habari ya kwanza ya kuzaliwa kwa Bwana walipelekewa wachungaji waliokuwa kwenye zamu ya usiku wakilinda mifugo. Soma mistari 20 ya kwanza ya Luka 2 kwenye mapumziko yako, na umpigie mtu mmoja simu.

Uliye peke yako mjini, usijifungie. Jumuiya yako ina mgonjwa anayehitaji kutembelewa, na wodi za hospitali siku hiyo zina watu ambao ndugu zao wako mbali. Pelekea majirani sahani ya pilau, Waislamu kwa Wakristo, kama nao wanavyokuletea Idi. Moyo unaojitazama wenyewe kutwa nzima hauna mahali pa kupumzikia.

Kisha usiifunge Krismasi tarehe 26. Kwa kalenda ya Kanisa majira yake yanaendelea, na Epifania, kumbukumbu ya mamajusi, ni Januari 6. Siku hizo za katikati, wageni wakiwa wameondoka na kabla pilika za shule hazijaanza, ndizo tulivu kuliko zote. Rudi kwenye daftari lako la sala. Weka alama kwa yaliyojibiwa, endelea kuyataja yaliyobaki, na chagua zoea moja utakaloingia nalo Januari: robo saa ile, au kumpigia kaka kila Jumapili. Moja linatosha.

Huenda ulipokuwa ukisoma kuhusu simu, jina la mtu fulani lilikujia. Usingoje Majilio. Mpigie jioni hii, msalimie, mwombe msamaha kwa lile lililo lako, na umwambie unatamani kumwona Desemba.